Kanzu ya Baba na Gunia la Mabalungi

Nianze na aibu yenyewe ili nisije nikaikwepa: mimi ndiye yule kaka wa bibi harusi aliyempima bwana harusi urefu wa mkono, msikitini, mbele ya sheikh, kipaza sauti kikiwa wazi. Kama una ndugu upande wa Mwera au Pangani basi kisa hiki umeshakisikia, na umekisikia vibaya, kwa sababu kinavyosimuliwa huko mimi nilikuwa nimelewa chakari, na mimi pombe sijawahi kuionja hata kwa bahati mbaya. Kwa muda mrefu niliwaacha waseme. Leo nasema mwenyewe. Majina ya watu nimeyageuza, na ukijitambua humu ndani nakuomba unyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Niiteni Hamza. Ni fundi cherehani, kazi niliyorithi kwa marehemu baba, na nina ugonjwa ambao kwetu hauna jina zuri. Wengine husema pepo, wengine husema uchawi, wengi husema tu kwamba fulani hana moyo. Hospitali wanasema ni hofu iliyozidi. Si hofu ya nyoka wala ya giza. Niko zangu nimekaa nakata kitambaa, mara moyo unaanza kwenda mbio, pumzi zinakatika, viganja vinalowa, na ninakuwa na yakini kabisa kwamba nakufa sasa hivi hapa hapa, kisha nusu saa ikipita naona sijafa, nimebaki mchovu na nina haya.

Ilinishika vibaya siku tuliyomzika baba. Mtoto wa kiume ndiye anayetazamiwa kushuka kaburini kumpokea mzazi wake, nami nikashuka, nikainua uso, nikaona vichwa vya watu vimenizunguka pande zote na mbingu imebaki kipande, basi nikapanda kutoka mle kwa mikono na magoti na kukimbia (naam, kukimbia, na kanzu nimeikunja mkononi) hadi nyuma ya minazi, na baba akapokewa na mdogo wake, Ami Saidi. Ami hakunigombeza. Alimaliza kazi, akapanda juu, akajipangusa udongo, na mbele ya watu wote akasema kwa upole kabisa, "Huyu hana moyo. Mambo ya kiume msimtwike." Ule upole ndio ulionichoma.

Baada ya maziko niliondoka kimyakimya nikaenda Tanga mjini, hospitali, mbali na macho ya watu wa kwetu, nikaandikiwa vidonge. Sasa sikilizeni, hapa ndipo mbegu ilipopandwa. Nimesimama kwenye dirisha la dawa, dada wa dawa anaanza kunieleza namna ya kutumia, nikageuka nikamwona kwenye benchi jirani yetu mmoja wa Mwera, kakaa na mguu wake umefungwa bandeji, anaangalia huku na huku. Nikainamisha kichwa. Dada akasema nisinywe pombe, nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi ni Mwislamu, akaendelea kusema habari za vyakula na matunda na kahawa, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, sisikii hata neno moja, nawaza tu nitapitaje mlangoni bila yule jirani kuniona. Akanipa na karatasi. Ile karatasi niliikunja, nikaitupa kwenye pipa pale stendi kabla sijapanda gari, maana mama yangu hupekua mifuko kabla ya kufua. Vidonge nikaviweka ndani ya kopo la vifungo dukani kwangu, chini kabisa, chini ya vifungo vyeusi.

Na vilinisaidia, nisiseme uongo, na kila vilipoisha nilivifuata Tanga chapuchapu bila kungoja maelezo. Nilirudi kulala, nikarudi kula, nikala tena na tena, hadi nikaota kitambi ambacho watu walikisifu wakidhani ni cha raha.

Mwaka mmoja baadaye mdogo wangu Zuhura akachumbiwa. Mchumba wake, Bakari, ni kijana mzuri wa Muheza, Mbondei, mtoto wa Mzee Mhina mwenye mashamba ya machungwa na mabalungi. Baba yetu hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wa Zuhura ni mimi, kaka yake wa pekee. Baba alikuwa ameshaniambia siku za ugonjwa wake, ameshika kifundo cha mkono wangu: Zuhura umuozeshe wewe, kwa mdomo wako, usimwachie mtu. Nilimwitikia huku nikijua ninavyoogopa.

Kwetu walii akiwa na haya ya kusema mbele ya watu, anampa sheikh uwakala, sheikh anaozesha kwa niaba yake, na hakuna anayecheka, mambo yanafanyika hivyo kila wiki. Sheikh wetu mwenyewe alikuja dukani akaniambia polepole, "Hamza, nipe uwakala. Wewe ukae tu pembeni upokee mikono ya watu." Nilikaribia kukubali, wallahi. Lakini mlangoni alikuwepo Ami Saidi, kaja kuchukua suruali yake, kaegemea mwimo, ananitazama kwa ule upole wake. Nikasema hapana sheikh, nitaozesha mwenyewe. Na usiku wa siku hiyo Zuhura aliposikia alikuja akakaa kwenye kizingiti cha chumba changu akaniambia, "Kaka, mimi nitakuwa nyumbani na wanawake, sitakuona. Nataka nisikie sauti yako tu kwenye spika. Nikiisikia nitajua baba yupo." Basi nikawa nimefungwa kamba mbili, ya Ami na ya Zuhura.

Nikaamua nitavaa kanzu ya baba. Ilikuwa kanzu aliyoishona mwenyewe na kuidarizi shingoni kwa mkono, sindano kwa sindano, mwezi mzima wa Ramadhani, na hakuna aliyeivaa tangu alipofariki. Nikaitoa sandukuni, nikaivaa, ikafika kitambini ikagoma. Mbavuni ilinibana, tumboni ikavutika hadi mishono ikalia. Sasa ninyi mtasema, si wewe ni fundi, fumua ubavuni, ongeza, nusu saa kazi imekwisha. Ndiyo. Nimewafumulia na kuwaongezea watu wote wa kata hii, mpaka mwenyekiti. Lakini ule mshono wa baba nilishindwa kuutia wembe. Sikuigeuza hata upande wa ndani kuangalia kama kuna kitambaa cha akiba. Nikaamua nitapungua mimi, kanzu ibaki kama ilivyo. Ulikuwa uamuzi mdogo tu, lakini mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Siku hizo hizo Mzee Mhina alikuja kutusalimu kama wiki mbili kabla ya ndoa, akatushushia gunia zima la mabalungi kutoka shambani kwake. Mzee Mhina ni mwembamba kama mpini, na kwake yeye balungi ni dawa ya kila kitu, mafua balungi, presha balungi, mgongo balungi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama tumbo bila kuficha, akasema kunywa glasi ya balungi kila asubuhi kabla hujala kitu, siku kumi, mwili utakwenda wenyewe. Sasa mkwe kakuletea gunia, na kakupa na dawa ya shida yako bila kuulizwa, utakataa? Nikaanza kesho yake. Asubuhi glasi, nikaona kama haitoshi, jioni glasi nyingine. Na vidonge vyangu kama kawaida, kimoja kila siku, nikikimezea humo humo kwenye balungi ili uchungu umezwe na uchungu.

Siku ya tatu, ya nne, nikaanza kuwa mtulivu. Jamani, sijawahi kuwa mtulivu namna ile maishani mwangu. Wateja wananigombeza nguo zimechelewa, natabasamu. Nilishona suruali ya mwalimu nikafunga mguu mmoja kwa chini kabisa kama mfuko, mwalimu akaja juu, nikacheka naye. Nilijidunga sindano kidole gumba mara mbili sikushtuka. Mama akasema unalala sana wewe mtoto, mchana kutwa kichwa kiko juu ya cherehani. Mimi nikajua ni dua za watu, ni baraka za baba, na pengine ndiyo mafuta yenyewe yanatoka. Kanzu nayo ilianza kunikubali, nadhani kwa sababu chakula nilikuwa nakisahau.

Siku ya ndoa, Jumapili, nilinywa glasi mbili asubuhi kwa kuwa siku ni kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo nikaongeza nusu kidonge juu ya kile kimoja. (Hilo sikuambiwa na mtu. Hilo ni langu peke yangu, na dada wa dawa angenitandika.) Nikavaa kanzu ya baba. Mama aliponiona alishika mdomo akageukia ukutani akalia, nami nikamshika bega, na nakumbuka kwamba bega lile nililishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, kwa sababu miguu ilikuwa haina habari na mimi.

Tuliswali alasiri. Kwenye sijda ya mwisho nilichelewa kuinuka, aliyekuwa pembeni yangu alinigusa. Baada ya swala watu wakakaa, sheikh katikati, Bakari mbele yangu na joho lake, baba yake nyuma yake, mashahidi wawili, Ami Saidi safu ya kwanza. Kipaza sauti kikawekwa kwenye kigoda kidogo kati yetu, na spika ya juu ya msikiti ikafunguliwa ili wanawake kule nyumbani wasikie, kwa hiyo na wachoma mihogo barabarani walisikia, na kina mama mtoni walisikia.

Sheikh akaanza khutba ya ndoa. Nilisikia mwanzo wake. Kilichofuata nimeambiwa na watu, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Nimekaa, macho nusu, nikainama polepole kuelekea mbele hadi paji la uso likatua begani kwa Bakari, na hapo nikakoroma, mkoromo mmoja tu, lakini karibu na kipaza sauti. Watu wakadhani ni spika. Bakari maskini, kwa heshima yake, hakusogea. Aliniinua kidogo kidogo kwa bega, na joho lake jeusi likawa na doa la mate.

Sheikh akamaliza, akachukua mkono wangu wa kulia akauweka ndani ya mkono wa Bakari, akaniambia nimfuatishe. Maneno yalikuwa machache na nilikuwa nimeyasema peke yangu chumbani mara mia: nimekuozesha dada yangu Zuhura kwa mahari mliyopatana. Nikafungua macho, nikaona mkono wa mwanamume umeshika mkono wangu, mkono mzuri, na mkono wa kanzu umeshuka hadi kwenye vidole. Na mimi nimeshika mikono ya watu miaka kumi na nane kwa sababu moja tu. Nikamnyoosha mkono, nikampima shubiri kutoka begani, moja, mbili, tatu, nikasema kwa sauti yangu ya dukani, "Huu umezidi inchi mbili. Aliyekushonea nani? Lete Jumatano."

Wakacheka. Msikiti mzima ulicheka, hata sheikh alificha mdomo, na kama ingeishia hapo ingekuwa kichekesho cha harusi. Sheikh akarudia, Hamza, sema, nimekuozesha. Nikasema nimekuozesha. Sema, dada yangu Zuhura. Nikatafuta jina. Nilijua nina dada, nilijua ana jina, nilikuwa namwona kabisa kakaa kwenye kizingiti, lakini ulimi ulikuwa mzito mdomoni kama kitambaa kilicholowa, na nilichotoa ni mlio usio na maana, mrefu, halafu nikayumba ubavuni, nikashika kigoda, kigoda kikaanguka na kipaza sauti chake.

Kicheko kikakatika. Kule chini mkekani kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na ndicho kilichopeleka sauti ya Mzee Mhina kijiji kizima: "Huyu amelewa." Halafu akaongeza, "Sisi hatukuja kuchukua mke kwenye nyumba ya walevi."

Nilisikia. Hilo ndilo nililolisikia sawasawa kuliko yote ya siku ile. Nilitaka kusema sijalewa, ni dawa, nina ugonjwa, na maneno yapo kifuani yamejipanga, hayatoki. Sheikh akaninusa mdomo, hakukuta kitu, akatikisa kichwa, lakini mtu mwingine akasema siku hizi kuna za kumeza. Sheikh akasema kwa masikitiko kwamba aliye katika hali hii hawezi kuozesha, wala hata uwakala hawezi kuutoa. Ndipo Ami Saidi alipoinuka. Alimwomba Mzee Mhina akae, akamwambia kosa la mmoja si la nyumba nzima, akamwambia walii mwingine yupo, akakaa mahali pangu. Waliniburuta kwa makwapa hadi ukutani. Na Ami akasema maneno yale, kwa sauti safi, bila kukosea: nimekuozesha binti wa marehemu kaka yangu, Zuhura. Bakari akakubali. Kule nyumbani vigelegele vilichelewa, vikaja vichache.

Zuhura alikuwa kakaa kitandani, hina mikononi, kanga usoni, anasubiri sauti yangu. Aliisikia, ndiyo. Ilimwambia inchi mbili.

Walinimwagia kahawa chungu kinywani, kikombe baada ya kikombe, ile ya kuamsha walevi, ikawa balaa juu ya balaa kwa sababu moyo ukaanza kukimbia na mwili bado umelala, nikadhani ndiyo roho inatoka. Mama akalazimisha nipelekwe zahanati. Mganga wa pale, kijana mtaratibu, aliwatoa watu wote nje isipokuwa mama, akaniuliza ninameza nini. Ilibidi nimwambie. Akaniuliza nimekula nini wiki hii. Nikamwambia balungi. Alifumba macho akacheka kidogo bila furaha.

Akanieleza kwa lugha nyepesi, nami nawaeleza vilevile. Tumbo na ini vina kazi ya kuivunjavunja dawa ili iishe mwilini kwa wakati wake. Balungi huizuia ile kazi kwa baadhi ya dawa, si vidonge vyote vya hofu, lakini vyangu vimo, kwa hiyo cha jana bado kipo kinakutana na cha leo, na cha leo kinakingoja cha kesho, na mimi nadhani nimemeza kimoja kumbe mwilini vimekaa mkutano. Madanzi, yale machungwa machungu, nayo hivyo hivyo. Na kahawa inaichochea hofu yenyewe. Akasema haya yote huandikwa kwenye karatasi ya dawa, hukupewa? Nikakumbuka pipa la stendi. Akanionya pia nisiache vidonge ghafla kwa hasira, niache balungi.

Nikamshukuru, nikainuka, nikasema nakwenda kwa Mzee Mhina sasa hivi kumweleza. Mama akasimama mlangoni.

Mama yangu ni mwanamke mpole, sijawahi kumwona akinizibia njia. Alisema, "Mlevi hutubu, mwanangu, watu wakasahau. Mgonjwa wa akili watasema ni wa ukoo. Watasema na Zuhura yumo. Watamrudisha." Kisha akanishika uso kwa mikono miwili. "Waache waseme ulilewa."

Na mimi nikawaacha.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hamkuisikia huko Mwera. Nilibeba jina la ulevi kwa hiari yangu. Wateja walipungua, wengine walianza kuninusa kwa ujanja wakija kupima. Sheikh alinipa nasaha za toba nikazipokea kwa kichwa chini, mimi ambaye hata soda huniumiza tumbo. Ami Saidi alisema tu, si niliwaambia, akarudi kwenye mambo yake. Zuhura alikwenda Muheza bila kunisemesha. Alinipa mkono siku ya kuondoka kama anavyopewa mgeni, akaangalia pembeni.

Wiki hiyo hiyo niliichukua kanzu ya baba, nikaigeuza upande wa ndani. Nilitaka kuifumua kwa hasira, sijui kwa nini, pengine niione imekwisha. Nikakuta ndani ya mshono wa ubavuni, kulia na kushoto, baba ameacha kitambaa cha akiba vidole vitatu vizima, amekikunja vizuri na kukishika kwa uzi mwepesi wa kuvutwa tu. Hakuna fundi anayeacha akiba kubwa vile kwenye kanzu yake mwenyewe. Nilikaa nayo mapajani hadi adhuhuri, nikalia kama mtoto, na duka liko wazi.

Miezi saba ilipita. Siku moja asubuhi Zuhura akaingia dukani, peke yake, na kikapu. Tukasalimiana. Akakiweka kikapu juu ya meza ya kukatia, akafunua, na ndani mlikuwa na mabalungi, manane, makubwa, yamepanguswa.

"Baba mkwe kakuletea," akasema. "Anasema yanasafisha pombe mwilini."

Nilicheka. Nilicheka hadi machozi, na si ya kicheko, na Zuhura akaudhika, akasema mzee wa watu anakujali na wewe unacheka. Nikafuta macho. Nilidhani ataondoka. Lakini alikaa kwenye benchi la wateja, akachukua kipande cha uzi akawa anakizungusha kidoleni, anakizungusha, anakifungua, kisha bila kuniangalia akauliza, "Kaka, siku ile ya maziko ulipokimbia. Ulihisi nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitazama mikono yake na ule uzi ulikuwa umelowa.

"Na mimi hunijia," akasema. "Nikiwa jikoni kwa mama mkwe. Naona nakufa. Nakwenda chooni nakaa hadi ipite. Sijamwambia mtu. Watasema kwetu tuna wazimu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilibeba jina la mlevi miezi saba ili asiguswe na kitu hiki, na kitu chenyewe kilikuwa kimeshamfika, kimekaa naye jikoni, na hakuwa na wa kumwambia kwa sababu mimi ndiye ningemwelewa, na mimi alikuwa akinijua kama mlevi. Niliona haya kuliko siku ya msikitini. Nikasimama, nikalichukua kopo la vifungo, nikamimina vyote juu ya meza, vyeupe, vya kahawia, vyeusi, na mwisho vidonge. Nikamwambia, "Kwanza haya mabalungi usiyaguse. Kisha nikueleze."

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza bila kukatisha. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo hukulewa."

"Sikulewa."

Akanipiga begani kwa ngumi, kweli kweli, akanipiga tena, akasema miezi yote hii nimekuchukia bure, kisha akaniegemea na kulia, nami nikalia, na mteja aliyefika na kitambaa cha pazia akageuza mlangoni akaondoka (nadhani naye alikwenda kusema nimelewa).

Zuhura alimwambia mumewe. Jioni ya siku ile Bakari akamwambia ajiandae, aende nami hospitali. Baba yake hajui hadi leo, na akijua sijui itakuwaje, hofu hiyo bado tunaishi nayo wote watatu, na mama akisoma haya atanilaumu. Jina la mlevi ningali nalo. Mikono ya watu ninayoipima bado huvutwa nyuma kidogo ninaposogea.

Lakini nimeapa, na nyote ni mashahidi: sitameza tena kidonge ambacho maelezo yake nimeyatupa, na sitaona haya tena mbele ya dirisha la dawa. Tulikwenda Tanga, mimi na Zuhura, na dirishani alikuwepo dada yule yule. Akaanza kumweleza Zuhura vyakula, na nyuma yetu kwenye benchi nikasikia mtu akikohoa kikohozi cha kwetu, nikageuka, ni rafiki wa Ami Saidi, kakodoa macho. Nilitazama mlango, sitaficha. Zuhura alinishika mkono. Nikamwamkia yule mzee shikamoo, nikamgeukia dada wa dawa nikamwambia, "Rudia tena, dada, na useme kwa sauti, tulikuwa hatujasikia vizuri."